Mtani Akikuamkia

Watu wa huku kwetu wakikuona umeshika shavu hawakuulizi umepatwa na nini. Wanakuambia, "Ng'oa." Jirani atakuambia ng'oa, mwanakwaya mwenzako atakuambia ng'oa, na dereva wa bodaboda ambaye hata jina lako halijui atageuza shingo akuambie, ng'oa mama, utapumzika. Nimewasikiliza watu hawa kwa miaka mingi, ndiyo maana upande wangu wa kushoto hauna gego hata moja. Niliumwa, nikang'oa, nikapumzika. Nikaumwa tena, nikang'oa tena. Kufikia umri huu nilikuwa nimepumzika vya kutosha.

Upande wa kulia nilibakiwa na magego mawili yanayokutana, moja juu na moja chini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na jino moja halitafuni. Lazima wawe wawili. Hao wawili ndio waliokuwa wakinilisha. Na kwa namna yao walikuwa wakiwalisha wanawake wengi wa kijiji chetu cha Ntalikwa, kwa sababu mimi, Imakulata, ndiye niliyekuwa nikipima mahindi ya kikundi chetu.

Kikundi chetu kina ghala moja. Tukivuna, kila mama analeta magunia yake, tunayafungia humo mpaka wakati wa njaa bei inapopanda. Lakini gunia moja bichi likiingia, linaota ukungu na kuwaambukiza jirani zake, na mwisho wake hata nguruwe wanayakataa. Kwa hiyo hakuna gunia lililovuka kizingiti kabla sijatia mkono ndani mpaka kwenye kwapa, nikachota punje za chini kabisa, maana nawajua wenzangu, makavu huwekwa juu. Punje moja naitia kwenye gego. Iliyokauka inapasuka safi na kulia. Ambayo bado inabonyea na kunata. Mama yangu alipima hivyo, na mama yake pia. Nimewahi kumrudisha wifi yangu na magunia yake yote ayaanike upya kwenye turubai, na hatukusalimiana mpaka Pasaka.

Msimu huu nilikuwa katikati ya kazi hiyo nilipouma punje moja na kusikia mlio mzuri kabisa wa ukavu. Nikataka kusema "lipite." Kumbe mlio ulikuwa wangu. Gego la chini, ambalo lilikuwa na tundu la siku nyingi na mimi nikijifanya silijui, lilikuwa limepasuka, na kipande chake kilikuwa juu ya ulimi wangu pamoja na punje. Punje ilikuwa nzima.

Nyumbani sikusema kitu, lakini Nikolaus hana haja ya kuambiwa. Mume wangu alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na amezoea kutambua chuma kilichopasuka kwa kukisikiliza. Yeye mwenyewe ana meno yote, jambo ambalo huniudhi kila anapopiga mswaki. Jioni ile alinitazama nikiizungusha nyama mdomoni. Kesho yake nikakuta karanga zangu zimetwangwa. Keshokutwa yake nyama yangu ilikuwa imechambuliwa vipande vidogovidogo, na kando yake bakuli la uji.

Uji ule uliniumiza kuliko jino. Mama yangu alimaliza maisha yake kwa uji. Alikuwa mtu wa kula, mama yule, mtu wa kuvunja mfupa na kufyonza kilichomo. Meno yalipomwisha alianza kusema, "Mimi nimeshiba." Sinia likiwekwa, kabla hata hatujanawa, yeye ameshiba. Akawa anakaa mbali kidogo na sinia, kisha mbali zaidi, kisha jikoni peke yake. Sisi watoto tulidhani wazee hawana njaa. Sasa Jumapili hiyo shemeji zangu walikuja, kuku akaandaliwa, na mimi nikajisikia nikisema mbele za watu, "Kuleni tu, mimi nimeshiba." Nilikuwa na njaa ya kufa. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kama mtoto.

Recheli, mwenyekiti wetu wa kikundi, ndiye aliyenitoa kwenye uoga huo. Recheli ni Mmoraviani, na Wamoraviani ukiwaambia una shida wanakuombea kwanza, halafu wanakupa namba ya simu. Akaniambia kuna daktari kijana mjini, nyuma ya soko, anayeziba meno ambayo wenzake wangeyang'oa. "Nenda kesho," akasema. "Jumamosi tunafunga ghala, na magunia yanakusubiri wewe."

Nikaenda. Daktari alikuwa mrefu, mwembamba, kofia ya kitambaa kichwani na macho ya mtu anayetafuta wa kumchokoza. Akauliza jina, nikamwambia. Akauliza ninatoka wapi.

"Ntalikwa. Mnyamwezi wa hapahapa. Na wewe?"

"Naitwa Fikiri. Kwetu Kisarawe."

"Mzaramo," nikasema, nikauweka mkoba wangu mapajani na kuushika kwa mikono miwili. "Mungu anisaidie."

Uso wake ukafunguka wote. Kwa asiyejua, sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka Bagamoyo, na nchi ya Wazaramo ndiyo waliyoipita walipokaribia pwani, wamechoka, wana njaa, wanaugua. Humo waligombana, wakala pamoja, wakazikana. Wametuachia urithi huu: mtani anaweza kukutukana atakavyo, kukunyang'anya kitoweo, na kukasirika ni mwiko. Hata msibani mtani haachi. Nimemwona kwa macho yangu mmoja akilala kaburini, marehemu anasubiri pembeni, akikataa kutoka mpaka apewe soda.

"Fungua kinywa, mbeba mizigo," akasema Fikiri, akawasha taa. Akachungulia. "Hee. Babu zenu walibeba meno ya tembo kutoka huku mpaka baharini, kwa miguu, hakuna hata moja lililopotea njiani. Ya kwenu wenyewe mmeyafanya nini?"

Nikautoa mkono wake mdomoni. "Na babu zako walikaa njiani wakidai hongo kwa kila anayepita. Naona wewe umetufuata mpaka huku kuidai."

Muuguzi wake alicheka mpaka akageukia ukutani. Tukaendelea hivyo. Aligongagonga jino, akalipulizia hewa, nikaruka kutoka kwenye kiti.

"Vizuri," akasema. "Limeshtuka, maana yake mshipa bado uko hai. Nani alikwambia ung'oe?"

"Mkoa mzima."

"Mkoa mzima hauna cheti cha meno."

Akanieleza. Nusu ya jino imekwenda na katikati kumeoza, lakini mzizi ni imara na kuta mbili bado zimesimama. Atasafisha uozo, atajenga iliyoanguka kwa amalgamu, ile dawa ya rangi ya fedha. Nyeupe inapendeza zaidi kwenye picha, akasema, lakini kwa shimo linaloweza kulaza mbuzi, na kwa mtu mwenye jozi moja tu ya magego ya kufanyia kazi, amalgamu ndiyo inayostahimili.

"Nimesikia ina zebaki," nikasema. "Kama ya wachimba dhahabu wa Nzega."

"Inayo. Ikishikamana na fedha inatulia. Ndiyo hivyo duniani wanaiacha polepole, mimi mwenyewe nimebakiwa na pakiti chache. Nimewatunzia Wanyamwezi wasumbufu."

Sindano ya ganzi ilikuwa chungu, ya nini kuficha. Baada ya hapo nilisikia mashine tu, na harufu ya jino langu mwenyewe. Alipomaliza kuchimba alilizungushia jino utepe mwembamba wa chuma, akaubana, likawa na ukuta wa muda. Kimashine kidogo mezani kikatikisa dawa kwa kelele, kisha akaanza kuiingiza kidogokidogo na kuikandamiza. Ile dawa inalia inapokandamizwa, mlio wa wanga wa muhogo unapoubonyeza kwenye mfuko. Alikandamiza kwa nguvu mpaka kichwa changu kikazama kwenye kiti. Akauondoa utepe, akachonga vilima na mabonde, akaniambia niume taratibu karatasi ya rangi, akachonga tena. Nilipopitisha ulimi nilikuta jino zima. Machozi yalinitoka, nikasingizia taa.

"Sasa sikiliza, mbeba mizigo wangu," akasema, akivua glavu. "Upande huu usitafune kitu mpaka kesho jioni. Mwambie mzee akutafunie. Na mahindi makavu usivunje tena kwa jino hili maisha yako yote, labda kama unataka kuninunulia gari. Ukinywa chai ya moto ukasikia linaimba, cheza nalo. Na usidhani tumelipana. Nadai jogoo, nitakuja kumla mwenyewe kwako."

Nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usio na ganzi. Nikamwambia jogoo wetu hali Wazaramo na Wazaramo hawatamla. Nikatoka nimefurahi.

Sasa mtu anieleze. Katika maneno yale, lipi lilikuwa la hospitali na lipi la utani? Mtu anayekuambia mumeo akutafunie, na jino litaimba, na umnunulie gari, kwa sauti ileile na macho yaleyale, wewe utachagua lipi la kushika? Mimi niliyaweka yote kwenye kapu moja. Mtani haambiwi "ndiyo". Mtani anajibiwa, mnacheka, mnaagana. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Ganzi ilipoisha nilikuwa nimeshafika ghalani. Ilikuwa Ijumaa alasiri, magunia yamepangwa nje, wanawake wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakiningoja, na Recheli amesimama na funguo. Walitaka kuliona jino. Nikafungua kinywa, wakapita mmojammoja kuchungulia. Levina, ambaye shamba lake liko bondeni na mahindi yake huchelewa kukauka kila mwaka, alisema linang'aa kama sufuria mpya. Nilijisikia bibi harusi.

Nikatia mkono gunia la kwanza. Punje ikapasuka vizuri, nikasema lipite. La pili nalo likapita. La Levina likabonyea, nikamrudisha, akanuna kama kawaida yake. Nikashika la nne, nikauma, na palepale nikasikia kitu laini kikiachia ndani ya kinywa, bila mlio. Nikatema kiganjani. Kulikuwa na punje iliyopasuka, na kona ya kijivu inayong'aa, na pembeni yake kipande cheupe cha jino langu mwenyewe.

Wenzangu walisogea kutazama. Nilimsema yule Mzaramo mbele ya ghala lote. Nikasema ameniwekea udongo wa mfinyanzi, nikasema pwani hawajui jino ni nini kwa sababu wanakula wali na samaki, nikasema kesho nitakwenda kumwonyesha. Recheli alifunga mlango, magunia yakafunikwa kwa turubai palepale nje, na ghala halikufungwa Jumamosi hiyo.

Nyumbani Nikolaus aliniuliza swali moja. "Alikwambia ulitumie leo?"

"Alinitania tu."

"Alikwambia ulitumie?"

Nikashika shavu. Akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umejipunguzia, umevunjika jino." Kisha akaenda kukoroga uji, na mimi nikaunywa huku nimempa mgongo.

Asubuhi niliingia kwa daktari na ile kona nimeifunga kwenye kitambaa. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye bodaboda, na mengine hayafai kuandikwa. Nikafungua kitambaa, nikakiweka mezani kwake. Fikiri alikitazama. Akanikalisha kwenye kiti, akawasha taa, akachungulia kwa muda mrefu, akageuza kioo chake huku na huku. Sikusikia mbeba mizigo. Sikusikia meno ya tembo. Akazima taa, akavuta kigoda, akakaa akawa chini yangu kidogo. Akasema:

"Shikamoo, mama."

Maneno yangu yote yalipotea. Mtani haamkii, na huyu tangu nimemjua hakuwa ameniamkia. Mtu asiyeacha utani hata kaburini, akiuacha mbele yako ukiwa hai, ujue jambo limekuwa kubwa.

"Marahaba," nikasema.

"Mama, amalgamu inapotoka kwenye mkono wangu bado ni laini. Inahitaji usiku mzima kukomaa. Wewe umeivunjia mahindi siku hiyohiyo."

"Ulisema kwa utani."

"Sikutania, mama."

"Ulisema mume wangu anitafunie."

Akautazama ukuta, kisha akanitazama tena. "Hilo nilitania," akasema. "Nimekosea kuyachanganya. Nisamehe."

Kisha akaniambia yaliyobaki, bila haraka. Dawa ilipokatika imeng'oa na ukuta wa upande wa ulimi. Jino sasa limebaki na ukuta mmoja. Anaweza kujaribu mara moja tena: atatoa ile dawa yote, atachimba vifereji vidogo chini ili mpya ipate pa kushika, na atalijenga karibu jino zima kwa amalgamu. Likivunjika tena hakutakuwa na cha kujengea. Atang'oa.

Hapo nikalia, na safari hii sikusingizia taa. Nikamweleza habari za mama yangu, sinia, na jinsi alivyokuwa akisogea mbali kidogokidogo mpaka akaishia jikoni. Nikamwambia sitaki kushiba kabla ya kunawa. Fikiri hakusema litapona wala hakusema pole nyingi. Alisikiliza mpaka nilipomaliza, akanipa karatasi ya kujifutia, akasema, "Basi tulijenge."

Alifanya kazi kimya. Nilikuwa nimeyazoea makelele yake, na ule ukimya ulinitisha kuliko mashine. Kila alipokandamiza nilisikia ile dawa ikilia, na nikawa nasali Rozari kwenye vidole, Salamu Maria moja kwa kila alipokandamiza. Alichonga polepole sana. Alipoondoa utepe wa chuma alishusha pumzi, na nikajua kwamba hata yeye alikuwa ameishikilia.

"Shikamoo, mama," akasema tena.

"Marahaba."

"Leo uji tu, na usiwe wa moto. Kesho mchana uji. Kesho jioni chakula laini. Mahindi makavu usivunje kwa jino hili tena, si kesho, si mwaka ujao. Chakula kingine chochote utakula, nyama utakula. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

"Tukubaliane. Nikikuamkia, hilo ni la hospitali. Nisipokuamkia, mimi ni Mzaramo tu."

"Nimekubali," nikasema. Nilipofika mlangoni aliniita, akasema jogoo wake asinenepeshwe kwa pumba, hapendi mafuta. Sikuwahi kufurahi hivyo kudaiwa jogoo wangu.

Nikanywa uji, na safari hii sikumpa Nikolaus mgongo. Kesho yake nikanywa tena. Lakini magunia yalikuwa bado chini ya turubai, na anga la Tabora lina tabia ya kusahau majira. Nikamwita Recheli, nikamwambia wazi kwamba sitapima tena. Nilitegemea atalia kidogo, au angalau asikitike. Recheli akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akatoa chupa ya soda kwenye kikapu chake.

Bwana shamba alimfundisha zamani, akasema, ila hakutaka kunivunjia heshima. Unatia chumvi kavu kabisa kwenye chupa kavu, unaongeza mahindi, unaziba, unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isiponata, ni makavu. Nilimwambia hizo ni chupa za watoto za kuchezea. Tukaijaribu kwa gunia ambalo jino langu lilikuwa limeshalipitisha, chumvi ikaanguka yote chini. Tukaijaribu kwa gunia la Levina, ikanata pande zote. Sitaficha, nilinuna. Miaka yote hiyo nimekuwa nikisaga magego yangu kwa kazi ambayo chumvi inaiweza. Kisha nikafikiria jinsi mama yangu angeipenda chupa ile, na kununa kukaisha. Nikaichukua mikononi mwa Recheli, nikamwambia kama ni kutikisa, nitatikisa mimi, kwa sababu wanawake hawa wakiona mwingine anapima watajaza mabichi hadi juu.

Ghala lilifungwa Jumamosi iliyofuata, na magunia ya Levina yakiwemo, baada ya kuanikwa tena. Kama ilivyo kawaida tulipika. Kila mtu alileta chake: makande, mchicha wa karanga, wali. Mimi nilileta jogoo. Alikuwa jogoo wa kienyeji mzee, mbishi, aliyechemshwa tangu asubuhi na bado hakuwa amekubali yaishe. Jogoo wa namna hiyo haliwi kwa ufizi.

Fikiri alikuja, nani angemzuia. Alishuka kwenye bodaboda akiuliza kwa sauti chakula chake kimewekwa wapi na ni akina nani wamethubutu kuanza. Wanawake wakamjibu inavyostahili. Alikaa mkekani karibu na Nikolaus, akamuuliza kama amechoka kunitafunia, na mume wangu, mtu wa maneno machache, akamwambia angalau yeye ana cha kutafunia, maana Wazaramo humeza.

Nilikuwa nimenawa. Nilikuwa nimekaa kwenye sinia, si karibu nalo, kwenye sinia lenyewe, goti langu limegusana na goti la Recheli. Nikachukua paja la jogoo. Nikaliinua mpaka mdomoni.

"Shikamoo, mama," akasema Fikiri.

Nilisimamisha mkono hewani. Kikundi kizima kilikuwa kinajua makubaliano yetu, nilishawasimulia, na kila mtu akaacha kula. Nikolaus akaniangalia. Nikamgeukia daktari, paja limening'inia. "Marahaba, baba," nikasema. "Kuna nini?"

Akanyoosha mkono, akalichukua lile paja kwenye vidole vyangu, akaliuma.

"Hakuna kitu," akasema, akitafuna. "Nilikuwa nakusalimia tu."

Ntalikwa yote ilisikia kicheko kile. Levina alikumbatia nguzo ya ghala. Nilimrushia Mzaramo kila jina nililorithi, na mengine nikayatunga palepale, na yeye akaendelea kula taratibu kama mtu aliyelipwa deni la babu yake. Nikachukua kipapatio. Nikakitia upande wa kulia, nikauma. Nyama ilikuwa ngumu, ikabisha, nikaibana kati ya jino langu la mfupa na jino langu la fedha, na ikaachia. Nikaisikia ladha yake yote. Nikala kipapatio, nikala makande, nikafika kwenye shingo na kuifyonza.

Sinia lilipoanza kuonekana chini, Recheli aliinuka na sufuria kuzungukia watu. Alipofika kwangu alisita. Nadhani aliikumbuka ile Jumapili, maana habari za mtaani hazina mlango. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Vipi, umeshiba?"

"Bado," nikasema, na sikuipunguza sauti. "Niongezee."